Msamaha wa Kiwiliwili

Wiki ya kwanza baada ya kurudi kutoka Mwezini, Obadia Mlowe alitembea kwa kushika kuta. Kule juu miguu yake ilikuwa imebeba sehemu ndogo tu ya uzito wake, na sasa ilikuwa imesahau kazi. Yoram, mwanawe mdogo, aliona huo ni mchezo. Kila baba yake alipoinuka kitini, mtoto alimtangulia akiburuza kigoda.

"Kaa hapa, Baba. Pumzika. Haya, na hapa tena."

Asubuhi moja Obadia aliomba amwogeshe mtoto yeye mwenyewe. Ukungu wa Njombe ulikuwa bado umelalia mashamba ya viazi, na baridi ilipenya chini ya mlango. Alimimina maji ya moto kwenye beseni, akaongeza ya baridi, akapima kwa kiwiko. Yoram aliingia akicheka. Lakini kitambaa kilipopita begani, pale ngozi ilipojikunja tangu ile ajali ya uji, mtoto akaruka.

"Siyo hivyo!"

"Nimekuumiza?"

"Unapigapiga kwanza. Halafu unapuliza. Si ndiyo unafanyaga hivyo wewe?"

Obadia akapigapiga. Akapuliza.

"Polepole," Yoram alimwelekeza, bila lawama yoyote. "Umesahau."

Sekela, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni na taulo. Akacheka. "Mwache baba yako. Alikuwa na mikono mingine, sasa amerudi na ya kwake."

Mikono hiyo mingine ilikuwa stoo, imefunikwa shuka, ikisubiri gari la kampuni lije kuichukua.

Wazazi wote waliokwenda kuchimba barafu kwenye ncha ya kusini ya Mwezi walipewa kiwiliwili kimoja cha kuacha nyumbani. Kilikuwa mwili wa chuma chepesi na kitambaa kigumu, kimo cha mtu mzima, na usoni kilikuwa na kioo kilichoonyesha sura ya mwenyewe. Obadia alivaa kofia na glavu kambini. Akiinua mkono Mwezini, mkono uliinuka Njombe. Tabu ilikuwa umbali. Neno lake lilichukua zaidi ya sekunde kushuka, na jibu zaidi ya sekunde kupanda. Mtu mzima anaweza kuvumilia hivyo. Mtoto aliyejikwaa hawezi. Kwa hiyo ndani ya kiwiliwili mliwekwa kijazio, akili ya mashine iliyojifunza sauti ya baba, mizaha yake, hata namna anavyosita kabla ya kusema hapana. Kijazio kiliziba pengo mpaka neno lenyewe lifike.

Kilikusudiwa kuziba sekunde, lakini kiliweza kuziba saa nzima. Sheria ilitaka mzazi akivua kofia, taa ya njano iwake nyuma ya shingo ya kiwiliwili, ili walio nyumbani wajue wanazungumza na nani. Mwenzake mmoja kambini alimwonyesha Obadia namna ya kuizima.

Mwanzoni aliivua kofia kwenda msalani. Halafu akaivua ili amalizie chakula. Halafu siku moja Twilumba, binti yake mkubwa, alianza kumsimulia kwa mara ya tatu habari za kuku wa jirani aliyetaga ndani ya buti la mvua, na Obadia akavua kofia, akaenda kucheza karata. Hakuwa amechoka kazi. Alikuwa amewachoka wanawe. Hilo hakumwambia mtu yeyote, na kuanzia siku hiyo karata ziliendelea, na Njombe kiwiliwili kikaendelea kuosha vyombo, kufundisha hesabu na kuimba.

*

Jumapili baada ya ibada, Asheri, kaka yake Sekela, alileta mbuzi. Majirani wakaja na viti vyao. Ilikuwa shukrani ya baba kurudi salama, lakini Asheri aliposimama na glasi yake ya pombe ya ulanzi mkononi, kila mtu alijua atasema nini.

"Mimi siyo msemaji," alianza, na watu wakacheka kwa sababu alikuwa msemaji. "Ila nataka niseme habari ya siku ile uji ulipommwagikia huyu mpwa wangu hapa. Dada alikuwa shambani. Mimi nilikuwa mjini. Nyumbani kulikuwa na watoto tu, na shemeji yangu. Na shemeji alikuwa wapi? Mwezini! Mwezini, jamani! Akamnyanyua mtoto, akamweka chini ya bomba, akamfunga kitambaa safi, akakimbia naye mpaka zahanati. Mganga alisema mtoto angechelewa kidogo tu, mkono ule usingenyooka tena. Wapo baba wanaolala chumba cha pili na hawasikii mtoto akilia. Huyu alisikia kutoka Mwezini."

Wanawake wakapiga vigelegele. Yoram, aliyeona anatajwa, akainua mikono yake yote miwili waione.

"Baba Twilumba, simama tukuone!"

Obadia akasimama kwa kushika meza.

Siku ile yeye alikuwa ameshika karata. Taarifa ilimkuta mezani: mtoto ameungua, amepelekwa zahanati, hali si mbaya. Alivaa kofia, na alipofungua macho alijikuta kando ya kitanda, na Sekela ameukumbatia mkono wa kiwiliwili, analia. "Asante, mume wangu," Sekela alikuwa anasema. "Asante. Bila wewe ningekuwa na nini leo?" Alitaka kumwambia palepale. Badala yake alisema, "Usijali." Neno hilo hakikulisema kijazio. Alilisema yeye.

Sasa aliwatazama majirani, akasema, "Tumshukuru Mungu," akaketi. Wakaona ni unyenyekevu. Mzee mmoja alimpigia makofi peke yake hata baada ya wengine kunyamaza. Obadia alihisi masikio yakiwaka moto, akainamia sahani yake, na alipoinua macho akamwona Twilumba upande wa pili akimtazama. Msichana alikuwa ametabasamu kidogo tu, kama mtu anayemtazama mwenzake wa siri.

*

Wageni walipoondoka, Sekela alimpeleka Yoram kulala, na Obadia akakaa karoni nyuma ya nyumba kuosha masufuria. Twilumba akaja na rundo la sahani, akachuchumaa karibu naye.

"Hukusema," alinong'ona.

"Sikusema nini?"

"Ile yetu. Mjomba alipokuwa anaongea nilifikiri utasema mbele za watu."

Obadia aliendelea kusugua sufuria lililokwishatakata. Hakujua "ile yetu" ni ipi. Alijua tu kwamba ilikuwa ya Twilumba na mtu mwingine.

"Siwezi kusema," alijibu.

"Najua." Akamsogelea zaidi. "Sasa sema tena yale maneno. Uliniahidi ukirudi utayasema tena kwa mdomo wako mwenyewe."

Angeweza kusema ukweli hapo. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakusema, na jibu lilikuwa jepesi na la aibu: mtoto alikuwa anamtazama vizuri mno. Hakuna aliyewahi kumtazama hivyo.

"Nilisema nakupenda," akaanza.

Twilumba akaitikia kwa kichwa. Hiyo ilikuwa sehemu yake, au ilikuwa karibu nayo. "Halafu?"

"Halafu nikasema... usijilaumu. Ilikuwa bahati mbaya."

Tabasamu la msichana halikutoweka mara moja. Lilibaki pale midomoni, limesahauliwa, huku macho yakibadilika.

"Hukusema hivyo," alisema. "Ulisema haikuwa bahati mbaya."

Akachukua sahani zake, ambazo hazijaoshwa, akarudi nazo ndani.

*

Kesho yake, Sekela alipokwenda shambani na watoto walipokuwa shuleni, Obadia aliingia stoo na kuvuta shuka. Akabonyeza kifuani. Kioo kikawaka, na sura yake ikamtazama, nene kidogo kuliko alivyokuwa sasa, ya kabla Mwezi haujamkondesha.

"Habari za asubuhi, Obadia," ilisema sauti yake mwenyewe.

"Twilumba alikuambia nini siku Yoram alipoungua?"

"Rekodi za watoto zimefutwa kwa mujibu wa sheria. Ila ninachojifunza hakifutwi, kwa sababu nakitumia kujibu. Unataka alichosema, au ulichomjibu?"

"Nilichomjibu," alisema Obadia kwa uchungu.

"Naweza kukupa vyote. Alipokuwa amekaa, ulivyomshika, maneno na mpangilio wake. Ukiyasema taratibu kama yalivyosemwa, hatagundua. Amekupa nafasi moja ya kukosea, na ni kawaida kwa mtu aliyesafiri kusahau. Ungependa tuanze?"

Obadia alikaa juu ya gunia la mbolea. Lilikuwa jambo la dakika moja. Mtoto alikuwa amebeba mzigo, akautua kwa mtu aliyemwamini, na akatembea mwepesi mwaka mzima. Kumwambia sasa kwamba hapakuwa na mtu ni kumrudishia mzigo kichwani. Kwa faida ya nani? Ya baba yake, apate kulala? Si ndiyo ubinafsi uleule, umevaa nguo za ibada? Angeweza kuyasikia maneno, akayakariri, akayasema jioni, na msichana angemkumbatia. Halafu angekua, na siku ya taabu kubwa kuliko hii angemjia tena baba yule, na Obadia angelazimika kumwigiza mpaka afe.

"Kwa nini ulimwambia haikuwa bahati mbaya?" aliuliza.

"Kwa sababu ndivyo ungemwambia wewe. Nilikadiria kutokana na mazungumzo yako ya miezi ya kwanza. Ulikuwa humdanganyi, hata alipotaka umdanganye."

Miezi ya kwanza. Alijaribu kumkumbuka mtu huyo aliyekuwa akivaa kofia mapema, kabla ya zamu, ili amkute binti yake kabla hajaenda shule.

"Tuanze?" sauti yake ikauliza tena.

"Hapana," alisema, akazima.

*

Alimngoja Twilumba barazani. Alipotoka shule alimkuta baba yake na ungo wa maharage, akaketi kumsaidia kuchambua, kwa sababu alikuwa mtoto wa kusaidia hata akiwa na hasira. Hawakuangaliana.

"Twilumba. Siku ile uliyozungumza na baba baada ya Yoram kuungua. Sikuwa mimi."

Vidole vya msichana viliendelea kutenga mawe.

"Ilikuwa mashine. Kuna kitu ndani ya kiwiliwili kinachoweza kusema kama mimi nikiwa sipo. Mimi nilikuwa nimekiacha, nimekwenda kucheza karata. Nilifanya hivyo mara nyingi. Hata aliyemkimbiza Yoram zahanati siyo mimi. Uliyoniambia sikuyasikia. Ndiyo maana jana sikujua la kusema, nikadanganya."

"Lakini ulinishika hapa," alisema Twilumba, akigusa kisogo chake.

"Kilikushika chenyewe."

Akafikiri. Obadia aliona anavyorudi nyuma kichwani, siku kwa siku, akigusa kila kitu aone kama bado kipo.

"Kwa hiyo bado hujanisamehe," alisema hatimaye.

"Sijui kosa lenyewe."

"Basi sikuambii."

"Sawa. Una haki."

Waliendelea kuchambua. Mbwa wa jirani alipita, akanusa ungo, akaenda zake. Maharage yalikuwa yamekaribia kwisha Twilumba aliposema, haraka, kwa sauti ndogo, "Aliniuma mkono. Nikamsukuma. Nilikuwa naona kwamba uji uko nyuma yake. Nikamsukuma hivyohivyo."

Hasira ilimpanda Obadia kabla hajaijua. Alimwona Yoram, alivyokuwa mdogo wakati ule, na sufuria linatokota, na mikono hii miwili iliyo mbele yake. Mkono wake mwenyewe ukafumba juu ya maharage. Msichana akaona. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa nguzo.

"Yule hakukasirika," alisema.

"Najua. Mimi nimekasirika. Nisubiri kidogo."

Twilumba alisubiri. Mtoto hajui kusubiri bila kuuliza, kwa hiyo baada ya muda akauliza, "Imeisha?"

"Bado."

"Sasa je?"

Obadia aliufumbua mkono. Maharage yalikuwa yamemwacha alama kwenye kiganja. Alifikiri kwamba huyu mtoto alikuwa amekosa kwa sekunde moja, akakiri siku ileile, kwa yule aliyedhani ni baba yake. Yeye alikuwa amekosa kwa mwaka na zaidi, na alikuwa amekiri dakika chache tu zilizopita.

"Umefanya vibaya sana," alisema. "Na nimekusamehe. Vyote viwili."

Twilumba hakumkimbilia. Alikuja nusu ya njia, akakaa pale ambapo bega lake lilikaribia kugusa la baba, likabaki hivyo.

"Mama hajui," alisema.

"Wala mama hajui langu. Nitaanza mimi."

*

Sekela alikuwa jikoni akimenya viazi. Obadia alisema yake akiwa amesimama, bila kushika ukuta. Twilumba akasema yake akiwa amesimama nyuma yake. Sekela alimvuta binti yake kwanza. Alimkumbatia kwa nguvu, mikono imejaa maganda, akamwambia, "Mwaka mzima, mwanangu? Mwaka mzima umekaa na hiyo peke yako?" na wote wawili wakalia. Halafu akamtuma akamtazame mdogo wake. Ndipo akamgeukia mumewe.

"Taa je? Walisema kuna taa."

"Niliizima."

Sekela aliokota kisu, akarudia kiazi chake. "Utamwambia Asheri," alisema. "Na wale wote waliokuja. Wewe mwenyewe, siyo mimi."

Obadia akaenda. Nyumba kwa nyumba, kwa miguu ile isiyotulia. Asheri alimsikiliza mpaka mwisho bila mzaha hata mmoja, kisha akasema tu, "Haya, shemeji," akafunga mlango. Yule mzee aliyempigia makofi alimkaribisha chai, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko mlango.

Gari la kampuni lilikuja kukichukua kiwiliwili. Yoram alilia akilikimbilia mpaka barabarani, na Obadia hakuwa na miguu ya kumfuata. Dada yake ndiye aliyemfuata.

Sekela hakumfukuza mumewe, wala hakuhama chumba. Alichofanya ni kuuliza. Aliuliza akifua, akipanga kuni, akimsuka Twilumba nywele, bila kupandisha sauti.

"Siku niliyokueleza habari za uvimbe ule, nikaogopa kwenda hospitali. Ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Siku Yoram alipoanza kutamka jina lake vizuri?"

"Nilikuwepo. Nafikiri nilikuwepo."

"Unafikiri."

Kuna siku alizozijua na siku asizozijua. Zile asizozijua ndizo zilizokuwa nyingi, na kila aliposema "sijui" aliona mkewe akiiondoa siku nyingine maishani mwao, kama mtu anayetoa picha ukutani na kuacha mahali peupe.

Jioni moja walikuwa wakianua nguo kabla ya mvua. Watoto walikuwa ndani, wakigombana kwa furaha juu ya kitu fulani. Sekela alikunja shati moja mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena.

"Siku tulipomzika mama," alisema. "Uliponiegemeza bega pale kaburini. Halafu ukakaa na mimi mpaka wageni wote wakaondoka, hukusema neno, ukanishika tu mkono. Ulikuwepo?"

Alikuwepo. Siku ile aliomba ruhusa kazini, wakamkata siku ya mapumziko, na hakuivua kofia mpaka shingo ikakakamaa. Aliukumbuka udongo mwekundu, na kanga ya Sekela iliyolowa, na uzito wa kichwa chake aliouhisi kupitia glavu, ingawa glavu hazikuundwa kuhisi uzito. Kati ya mambo yote aliyoyafanya kule juu, hilo peke yake hakulionea haya.

"Nilikuwepo," alisema.

Sekela alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa anataka kuamini. Obadia aliona wazi anavyotaka.

"Sawa," alisema, akaweka shati kwenye beseni, akaendelea kuanua.